Jani la Sale Lililokwenda Uxmal

Kosa la Theodora lilianza kwa kuitikia kwa kichwa. Ilikuwa Jumapili, nje ya kanisa kule Alief, mtaa wa Houston huko Marekani, watu wamesimama kwenye maegesho ya magari kama kawaida yao, maana misa ikiisha ndipo misa ya pili ya habari inapoanza. Theodora alikuwa amemwambia mtu mmoja, mmoja tu, kwamba kazini wamempa likizo. Glory, aliyekuwa ameendesha gari kutoka Arlington kuja kumwangalia mjomba wake, akadakia pale pale: "Theo anaenda nyumbani." Hakuuliza. Alitangaza. Na Theodora akaitikia kwa kichwa, kwa sababu kueleza ukweli kungechukua mchana mzima na mwisho wake wangemwekea mikono kumwombea.

Ukweli wenyewe ulikuwa huu: alikuwa amekata tiketi ya kwenda Mérida, Meksiko, peke yake, na begi la mgongoni. Mtu mzima, muuguzi wa wazee, mwanamke anayeamkiwa shikamoo na nusu ya kanisa, anakwenda kuzurura kwenye magofu ya Wamaya na begi mgongoni kama mwanafunzi wa Kizungu. Hebu niambie wewe ungeanzia wapi kuyasema hayo mbele ya akina mama waliovaa vitenge vya sare.

Wazo lilitoka kwenye kalenda. Duka la mikate la Wameksiko karibu na kazini kwake hugawa kalenda kila mwaka mpya, na ile ya mwaka huo ilikuwa na picha ya piramidi la Uxmal: jiwe refu limesimama katikati ya msitu, anga la buluu, na hakuna mtu hata mmoja. Theodora aliibandika juu ya friji. Kila akirudi kutoka shifti, miguu imevimba, aliitazama. Hakuwa na habari na Wamaya. Alichokipenda ni kwamba hakuna mtu hata mmoja.

Maana nyumbani kwao Kibosho, pale mlimani Kilimanjaro, palikuwa pameshamshinda. Zamani alikuwa akienda kila alipoweza, anashuka na mabegi yamefura, anarudi ameyakunja kwapani. Hakulalamika, kwa sababu mama yake alikuwa hai, na mama akiwa hai nyumba ina mlango. Mama akafa. Krismasi ya mwisho aliyokwenda, alikuta chumba cha mama kimegeuzwa banda la kuku wa shemeji yake, na hakuna aliyemwambia alale wapi. Akalala hotelini Moshi mjini, na asubuhi mhudumu akamuuliza kwa Kiingereza kama anahitaji mtu wa kumpandisha mlimani. Alilia siku hiyo, na ilimuuma hasa. Akasema moyoni, kama ni ugeni, basi bora niwe mgeni mahali ambapo sikuzaliwa.

Sasa, kwa watu wetu wa huko Marekani, anayekwenda nyumbani hasafiri peke yake. Anasafiri na mizigo ya watu. Habari ikishatoka kwamba fulani anaenda, simu haitulii: kuna viatu vya shule vya mtoto wa dada, kuna vitamini za bibi, kuna simu ya mkononi "ndogo tu, haina uzito". Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Theodora akajitahidi sana kukwepa. Huyu akamwambia begi limejaa, yule akamwambia atapitia Nairobi kwanza, Glory na viatu vyake akamwambia shirika la ndege limebadilisha masharti. Akadhani amevuka. Kisha akapiga simu Mzee Humphrey.

Mzee Humphrey ndiye huyo mjomba wa Glory. Mchaga wa Uru, mjane, alikuwa akiishi Gulfton kwenye majengo yale ya ghorofa yaliyosongamana, juu yake Wakongo, chini yake Wahondurasi. Figo zake zilikuwa zimekufa, na mara tatu kwa wiki alipelekwa kliniki kusafishwa damu kwa mashine. Jumanne ilikuwa zamu ya Theodora kumpeleka. Hawakuwa ndugu wa damu, lakini Kibosho na Uru ni pua na mdomo, na ugenini hiyo inatosha. Alimwita Baba, naye akamwita mwanangu, na hakuna aliyekuwa akiigiza.

Theodora alipokwenda alimkuta kibarazani, kwenye kiti cha plastiki, mbele ya ndoo ya rangi iliyojaa udongo. Ndani ya ndoo ulisimama mmea wa sale. Wamarekani huuza mmea huo kwenye maduka ya maua kama pambo la sebuleni. Mchaga akiuona anaona kitu kingine kabisa. Ukimkosea mtu kosa lisilosemeka, unachuma jani la sale, unalifunga fundo, unampelekea kumwomba msamaha. Likishafika mkononi mwake hawezi kukataa. Akikataa, laana inamgeukia yeye.

"Kaa, mwanangu," alisema Mzee Humphrey. "Nina mzigo. Hauna uzito."

Akamsimulia mambo ambayo Theodora alikuwa ameyasikia nusunusu tu. Kaka yake, Kalisti, ndiye aliyebaki nyumbani kumuuguza mama yao. Siku mama alipofariki, Humphrey, aliyekuwa huku hawezi kwenda, alimpigia kaka yake simu na kumwambia, "Wewe ndiye uliyemuua." Maneno hayo hayo, kwa Kichaga, na kwa Kichaga ni mabaya zaidi. Kalisti akakata simu. Hawajasemezana tena, na watoto wa Uru waliozaliwa mwaka ule wameshaota ndevu.

"Sasa ini lake limeharibika. Method, mwanawe, ndiye anayeniambia. Mimi na mashine hii siwezi kwenda popote." Akainama, akachuma jani moja refu, akalifunga fundo polepole, kwa vidole vilivyovimba. "Ningemwambia Method achume la kule kwetu, lingekuwa jani la Method. Mkosaji ni mimi. Lichumwe na mkono wangu, libebwe na mtu aliyeniona nikilichuma, liwekwe mkononi mwake."

Theodora akalitazama lile fundo. "Baba, mimi huenda nisifike Uru."

"Utafika. Ni pale pale."

"Likizo yenyewe ni fupi, Baba. Na kuna mambo..."

"Theodora." Alimtazama kwa macho yale ya mtu aliyezoea kusubiri mashine imalize. "Ningekuwa na mwingine, nisingekusumbua."

Hapo ndipo pa kusema. Sentensi moja tu: Baba, siendi nyumbani, naenda Meksiko. Angecheka mzee wa watu, angeshangaa, angetafuta njia nyingine, pengine hata kumtuma Glory. Lakini aibu ni kitu cha ajabu, humziba mtu mdomo hata pale ambapo kusema kungemponya. Theodora akapiga goti, akalipokea jani kwa mikono miwili, akalifunga kwenye kanga. Njiani kurudi kwake, kwenye foleni ya magari, akajipangia: Desemba Wachaga wote wanapanda mlimani, atamtafuta mmoja amkabidhi. Kalisti ameumwa muda mrefu, ataendelea kuumwa hadi Desemba. Ndivyo alivyojidanganya, na yeye muuguzi, anayejua ini likifika huko halisubiri Krismasi.

Jani akaenda nalo. Alijaribu kuliacha mezani, akashindwa. Ilikuwa ni kama kumwacha mtu ndani ya nyumba iliyofungwa. Likaingia begini kati ya fulana na dawa ya mbu, na ndege ikapaa kuelekea kusini.

Mérida ni mji mzuri, sitaki kuudhulumu. Nyumba za Wahispania zimepakwa rangi ya haradali na waridi, madirisha yana nondo zilizopindwa kama maua, kanisa kuu limejengwa kwa mawe ya mahekalu yaliyovunjwa. Theodora alitembea na begi lake mgongoni, jasho linamtiririka, na kweli hakuna aliyemjua. Hakuna aliyemuuliza anarudi lini wala amemletea nini. Siku ya kwanza akanunua barafu ya nazi, akakaa uwanjani chini ya miti, akangoja raha ije. Haikuja. Akasema labda ni joto.

Mwenye nyumba ya wageni alikuwa mama mmoja mchangamfu, na Kihispania cha kazini cha Theodora kilitosha kuelewana naye. Akamwonyesha majumba makubwa ya ile barabara pana, yale yenye nguzo na ngazi za marumaru, akamwambia yote hayo yalijengwa kwa mkonge. Matajiri walipata dhahabu, Wamaya walipata mijeledi. Mkonge. Theodora akasimama barabarani. Baba yake mzazi alikuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge kule Korogwe ujanani mwake, na hadi anazikwa viganja vyake vilikuwa na makovu ya miiba. Alikuwa amevuka ghuba nzima kupakimbia nyumbani, kumbe nyumbani pamemtangulia, pamekaa pale kwenye jua panamsubiri. Usiku ule hakula.

Kesho yake akapanda basi kwenda Uxmal. Picha ya kalenda haikusema uongo, isipokuwa kwamba watu walikuwepo, tena wengi, wenye kofia na fimbo za kupigia picha. Piramidi limenyanyuka kutoka majanini, mabega yake ya mviringo, ngazi zake za kutisha. Mijusi mikubwa imejilaza juu ya mawe, haimwogopi mtu. Kwenye kuta kuna nyuso za mungu wao wa mvua, pua zimepinda, zimepangwa moja juu ya nyingine mamia kwa mamia, kwa sababu nchi ile haina mto na watu wake waliishi kwa kuomba. Theodora akaziangalia akafikiria, wameomba wote hawa, na bado mji umebaki mawe. Akakaa kwenye kivuli cha ukuta, akafungua begi kutafuta maji, na mkono wake ukagusa kanga.

Jani lilikuwa limeanza kukauka ncha. Fundo bado lilikuwa limekaza.

Simu ilikamata mtandao alipofika langoni kungoja basi. Ujumbe ulikuwa mmoja, wa sauti, wa Mzee Humphrey, na nyuma yake ilisikika ile mashine ikipiga kelele zake.

"Mwanangu, pole na safari. Method ananiambia kaka amezidiwa. Wamemwambia namletea sale, na mbebaji yuko njiani. Mwanangu, amesema wamkalishe. Hajakaa tangu mwezi uliopita, lakini wamemwekea mito, amekaa, anatazama mlango. Method anataka kuniunganisha naye kwenye simu, nimemkatalia. Nikiongea kabla jani halijafika nitakuwa nimelidharau. Niambie tu umefika wapi."

Theodora aliusikiliza ujumbe ule amesimama juani. Kisha akausikiliza tena. Sasa mambo yalikuwa wazi, wala hayakuhitaji mtaalamu. Jani halingefika, hata angepata mbawa. Lakini Humphrey alikuwa na simu mkononi na kaka yake alikuwa amekaa. Kilichowazuia wawili wale kusemezana kilikuwa ni yeye. Angewafungulia kwa maneno machache.

Akaandika: "Baba, usinisubiri. Ongea naye sasa hivi." Kidole kikasimama. Maana atauliza kwa nini. Na ukimjibu kwa nini, utalazimika kusema uko wapi, na ukisema uko wapi utalazimika kusema ulikuja kufanya nini. Nyuma yake watalii walikuwa wanacheka, wanagawana machungwa. Akafuta. Akaandika: "Niko njiani, Baba. Kesho." Akatuma.

Hasira zinanipanda kila nikifika hapa. Si mtu mbaya Theodora. Amewafumba macho wazee wangapi ambao watoto wao hawakuja, amewashika mikono mpaka ikapoa. Lakini siku hiyo, kwa kuiogopa aibu ya maegesho ya kanisa, alimnyima mtu neno lake la mwisho.

Asubuhi ilimkuta uani kwenye nyumba ya wageni, mbele ya chai asiyoinywa. Glory alikuwa ametuma kwenye kundi la Watanzania wa Texas: mjomba wetu mkubwa, Mzee Kalisti, ametutoka, msiba uko kwa Mzee Humphrey, Gulfton. Kisha akamtumia Theodora peke yake, sauti imekauka kwa kulia: "Theo, pole, najua ulikuwa umekaribia. Usijilaumu jamani. Method anasema alikataa kurudishwa kulala. Kila mlango ukigongwa anauliza, amefika? Mpaka akanyamaza."

Akabadilisha tiketi siku ile ile. Uwanjani Houston ofisa akamuuliza kama amebeba mimea yoyote. Akasema hapana. Uongo ulikuwa umeshamzoea.

Akaondoa gari lake kwenye maegesho ya uwanja wa ndege na kuendesha moja kwa moja hadi Gulfton. Angeweza kupitia kwake kwanza, kuoga, kujificha siku kadhaa, kisha atokee amevaa nguo nyeusi na kusema nilichelewa kwa siku moja. Wote walikuwa tayari kumwamini, hata pole walikuwa wameshampa. Alilifikiria hilo njia nzima, taa baada ya taa. Alipozima gari mbele ya jengo la mzee alikuwa bado hajaamua. Akavaa begi mgongoni kwa mazoea tu, akapanda ngazi.

Viatu vilikuwa vimejaa mlangoni. Ndani, wanaume wamekaa kwenye viti vya kukodi, akina mama jikoni wanachemsha chai ya tangawizi, mtu mmoja anaongoza rozari. Glory ndiye aliyemwona kwanza, sinia mkononi.

"Theo? Wewe si uko Moshi?"

Rozari ikapungua nguvu, ikakatika. Watu wale wote wamesafiri njia ile, wanajua ni mwendo wa siku ngapi. Walimtazama uso uliobabuka kwa jua, wakalitazama begi na vumbi jekundu kwenye raba zake, wakaanza kupiga hesabu kimyakimya. Mzee Humphrey alikuwa pembeni ya mlango wa kibarazani, blanketi miguuni. Alipomwona alijaribu kuinuka.

"Mwanangu," alisema kabla mtu mwingine hajasema. "Hukuwahi. Si kosa lako. Mimi ndiye niliyechelewa kulichuma. Miaka yote hiyo mmea uko hapa mlangoni kwangu."

Kama angemtukana, pengine Theodora angejitetea. Lakini mzee alikuwa analichukua kosa lake na kujivika mwenyewe, mbele ya watu, na hilo Theodora hakuliweza. Akaweka begi chini, akafungua kanga, akapiga magoti kwenye kapeti. Jani lilikuwa limekauka nusu, rangi ya majani ya chai. Akamnyooshea mzee kwa mikono miwili.

Mzee Humphrey akainama kulitazama.

"Fundo hili ni langu," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Halikwenda Uru."

"Halikwenda, Baba. Wala mimi sikwenda."

"Ulikuwa wapi?"

"Meksiko."

"Kuna mgonjwa?"

"Hapana, Baba."

"Kuna nini?"

"Nilikwenda kutembea tu."

Jikoni mtu alizima jiko. Glory alikuwa ameliweka sinia sakafuni na kujishika kinywa. Na watu wa mlimani waliokuwa mle ndani wote walijua kilichokuwa kimenyooshwa pale, na kwamba mzee hana ruhusa. Theodora alikuwa amemwomba msamaha kwa jani lile lile alilomnyima Kalisti, na mzee hakuwa na njia ya kukataa. Alikaa hivyo, mikono magotini, na yule anayepiga magoti anajua urefu wa muda ule kuliko mtu mwingine yeyote.

Mwishowe mkono ukaja, ule wenye uvimbe wa mirija ya mashine. Ukalishika jani.

"Nimepokea," alisema Mzee Humphrey. Sauti yake haikuwa na hasira wala huruma. Akalilaza jani juu ya blanketi, akalinyoosha kwa kidole, kisha akasema, akimtazama mwenye rozari na si Theodora: "Kumbe linapokelewa hivi. Nilidhani mtu akilishika moyo nao unafunguka. Kalisti naye angelishika hivi hivi."

Akamwambia Glory ampe mgeni chai. Mgeni, alisema, hakusema mwanangu. Theodora akainywa chai ile amekaa karibu na mlango, na rozari ikaendelea pale ilipokatikia.

Jumanne iliyofuata, ile ya zamu ya Theodora, Glory alikuwa bado hajarudi Arlington. Alibaki ili amshike mjomba wake mkono hadi kliniki. Theodora bado husali Alief na bado huenda kumwamkia mzee kwenye maegesho misa ikiisha. "Shikamoo, Baba," humwambia. Mzee Humphrey hajawahi kumnyima itikio. "Marahaba," humjibu, kisha hugeuka kumtafuta atakayempeleka nyumbani.